Daktari Wanayemngoja

Siku nilipoapishwa kuwa waziri, watu wa mtaani kwetu waliacha kunionyesha ndimi zao.

Kabla ya hapo sikuweza kutoka nyumbani Mji wa Kale nikafika sokoni bila kutazama kitu cha mtu. Muuza kahawa alinifunulia jipu la shingoni. Mwalimu wa chuo alipandisha kanzu nimwone goti. Wanawake walinivuta kando kwenye vizingiti vyao, wakashusha nikabu, wakatoa ulimi. Nililalamika kwa mume wangu kila siku, naye kila siku alinijibu kwamba mtu anayetaka kutembea kwa raha husomea uhasibu. Baada ya kiapo mambo yakabadilika ghafla. Nikipita, wanaume walisimama kwenye baraza, wakaweka mkono kifuani, wakaniuliza habari za kazi, za watoto, za serikali. Muuza kahawa alijifunga kitambaa shingoni ili nisilione jipu lake. Nikawa natembea kwa raha, na sikuipenda raha hiyo hata kidogo.

Niseme mapema kwamba sikuwa waziri wa taifa zima. Nilikuwa wa kaunti ya huku kwetu tu, mwenye gari lenye kibendera na mlinzi ambaye alikuwa mrefu kuliko milango yetu mingi. Nilipewa afya kwanza, kisha nikahamishiwa elimu. Watu huniuliza ipi ilikuwa ngumu zaidi. Huwajibu kwamba kazi ngumu ilikuwa ile ya kwanza, ya udaktari, kwa sababu ndiyo pekee ambayo sikuweza kuiacha hata baada ya kuiacha.

Chumba changu cha kutibia kilikuwa chini ya nyumba yetu. Asubuhi niliwaona wanaokuja, na baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwa wasiokuja. Wasiokuja walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wazazi wapya. Kwetu mwanamke akijifungua, akirudi nyumbani kutoka hospitali haonekani tena nje mpaka arobaini yake ipite. Hukandwa, hufungwa tumbo, hulishwa vitu vya moto moto, na mtoto hulala ubavuni pake katika chumba kilichoteremshwa mapazia ili jicho baya na upepo visipate njia. Mtoto hupakwa wanja, chumba hufukizwa udi, na wageni huingia kwa zamu kusifu. Mimi mwenyewe nililazwa hivyo kwa watoto wangu wote na nililala usingizi ambao sijapata kuulala tena. Sina ugomvi na arobaini. Ugomvi wangu ulikuwa na giza.

Mtoto mchanga anaweza kugeuka manjano katika siku zake za mwanzo. Mara nyingi si kitu, hunyonya tu yakaondoka. Mara nyingine manjano huzidi, na yakiachwa huingia ubongoni, yakachukua masikio, pengine na shingo na mikono. Yakionwa mapema dawa yake ni taa, mtoto hulazwa chini yake hospitalini akarudi kwao mzima. Lakini ni lazima yaonwe, na katika chumba cha pazia zito, kwa taa ndogo na moshi wa udi, kila mtoto ana rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu wangu. Kwanza nilimsalimu bibi wa mtoto, kwa kirefu, maana yeye ndiye mwenye mtoto. Aliyemzaa huja baadaye. Kisha nilikunywa kahawa, kwani daktari anayekataa kahawa haaminiki. Halafu nilisema, kama mtu aliyekumbuka tu, hebu nimwone kwa mwanga. Nilimbeba hadi dirishani, nikafungua kidogo, nikambonyeza kwa kidole kwenye paji, kisha kifuani, kisha tumboni, nikatazama rangi inayobaki kidole kinapoondoka. Manjano yakiwa yameshuka hadi magotini nilianza kubishana na bibi kuhusu hospitali. Mabishano yale yalikuwa na adabu zake. Bibi alikataa, mimi nikakaa. Alikataa tena, nikaomba maji. Mwishowe alinyanyuka kutafuta shali ya kumfunikia mtoto, akinung'unika kwamba madaktari wa siku hizi hawana subira.

Nilipoitwa nikaulizwa kama nitakubali uwaziri wa afya, nilikubali kwa sababu moja niliyoisema hadharani na nyingine chache ambazo si za kusema. Ile ya hadharani ilikuwa kweli. Nilitaka kila mtoto anayezaliwa kisiwani humu atembelewe nyumbani na muuguzi katika juma lake la kwanza, atolewe kwenye giza kidogo, atazamwe. Mimi nilikuwa na miguu ya kwenda mitaa michache tu. Serikali ina miguu mingi. Nililitaka jambo hili kwa ukali ambao ulinishangaza mwenyewe, maana mimi si mtu wa kutaka sana.

Nilifunga chumba changu. Nilibandika tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba daktari hatibu tena, na nikataja kwamba wako madaktari wengine wazuri mjini. Watu walilisoma kwa makini. Waliokutana nami waliniambia, tumeona tangazo, Mungu akupe nguvu, na nilipowasihi watafute daktari mwingine walisema inshallah. Mtu aliyekulia hapa angepaswa kujua kwamba kuna inshallah ya kukubali na inshallah ya kufunga mazungumzo. Nilizisikia zote kama za kukubali. Nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linaningoja.

Uwaziri wenyewe sina mengi ya kuusema. Ni kukaa. Nilikaa kwenye vikao, nikakaa kwenye mahema ya sherehe, nikakaa kwenye gari lililokwama nyuma ya malori ya bandari kule Shimanzi huku mlinzi akitazama saa yake. Gavana wetu, aliyezaliwa bara mbali na bahari, alinisikiliza nilipoueleza mpango wangu. Aliniuliza kwa nini hao mama wasiende kliniki. Nikamwambia hawatoki kabla ya arobaini. Akasema, "Basi waambie watoke." Nikamwambia kwamba bibi zetu wamekaa na Wareno na Waarabu na Waingereza na hakuna hata mmoja wao aliyefanikiwa kuwaambia lolote. Alicheka, akaupitisha. Wauguzi walichaguliwa. Tulianza kuwafundisha namna ya kunywa kahawa.

Kisha likafanywa badiliko la mawaziri, nikaambiwa niende elimu. Nilisikia kwenye redio, nikiwa navaa viatu. Mwenzangu aliyenirithi alikuwa na mipango yake, kama mimi nilivyokuwa na yangu nilipomrithi mwingine. Alijenga zahanati, na alizijenga vizuri. Mpango wangu haukukataliwa na mtu yeyote. Uliwekwa mahali pazuri ukakaa, na wale wauguzi wakarudishwa kwenye wodi zao. Nilikasirika kwa muda, kisha nikazoea, na kuzoea kwenyewe kuliniuma kuliko hasira.

Elimu niliyopewa ilikuwa ya watoto wa chekechea tu. Nilijifunza kukaa kwenye viti ambavyo magoti hufika kidevuni na kula uji mbele ya kamera. Nilikuwa na darasa moja nililolipigania, la watoto wasiosikia, katika shule moja upande wa Ganjoni. Watoto hao walikuwa wakikaa majumbani hadi wakue, wakaingizwa shule wakiwa wamechelewa kila kitu. Nilitaka waanze wadogo kama wenzao. Siku ya kulifungua darasa kulikuwa na hema, na utepe, na wazazi wamevaa nguo zao za sikukuu.

Nilipokuwa nawasalimu wazazi nilimwona bibi mmoja ninayemfahamu. Nyumba yao iko vichochoro vichache nyuma yetu. Nilimtibu yeye, mabinti zake na marehemu mume wake. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, mwenye macho makubwa, ambaye kichwa chake kilikuwa kikienda upande taratibu na kurudi. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua bila ya yeye kuvituma. Nilivitazama vile vidole. Daktari huacha kazi, macho hayaachi.

"Shikamoo, bibi. Huyu ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu huyu, wa binti yangu mdogo. Hasikii. Ndiyo tumemleta kwenye darasa lako, Mungu akulipe."

"Alizaliwa hivi?"

"La. Alizaliwa mzuri mno. Rangi yake yapiga umanjano, kila aingiaye yuwamsifu. Tukasema amechukua kwa kina babake, wale weupe."

Nilikuwa nimeinama kumshika mtoto mkono, nikabaki nimeinama. Mpiga picha alifurahi, akapiga. Nilihesabu kichwani mwangu na sikuhitaji kuhesabu sana: mtoto huyu alizaliwa nikiwa waziri wa afya, nyumba chache kutoka kitandani kwangu. Nilimuuliza bibi yule ni daktari gani aliyemtazama katika siku zile.

"Hakuna. Twakungoja weye."

Alisema hivyo bila lawama. Lawama ningeijua la kuifanya.

"Mbona hamkuniita?"

"Weye ni waziri, mwanangu. Twakuonea haya. Mtu ashika kazi ya watu wote, nimwite aje kwa mtoto mmoja?"

"Si mngemwita mwingine?"

Hapo ndipo aliponitazama kama niliyesema neno chafu mbele ya watu. "Mwengine? Tukuwate weye, tumwite mwengine aingie ndani mwetu? Watu waseme nini, kuwa tumekutupa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Walinionea haya wasiniite, na waliniheshimu wasiite mtu mwingine, na katikati ya adabu hizo mbili mtoto akalala gizani akiwa mtulivu na mzuri wa rangi. Sidhani kuna mji mwingine ambapo mtu angezuiwa kwa heshima namna ile. Nimewahi kusikia watu wakisema kosa lilikuwa la wajinga, na nimewakatiza. Bibi yule amesoma, binti yake ni mwalimu. Hawakukosa akili. Walikuwa na adabu.

Nilitaka kuondoka pale, kwa kweli nilitaka kwenda kukaa garini peke yangu. Kwa ajili ya kusema kitu tu nilimuuliza binti yake yuko wapi, mbona hakuja kumwona mwanawe akifunguliwa darasa.

"Yuko ndani," akasema. "Amejifungua juma hili. Msichana. Mtulivu, yuwalala tu, hata kunyonya hataki kuamka."

"Nani amemwona?"

Bibi akatabasamu. "Si nilikuwa nangoja sherehe yako iishe nikwambie."

Utepe ulikatwa na mkuu wa shule. Nimeona picha, mimi simo. Nilimwingiza bibi na mjukuu wake katika gari la kibendera, na kwa mara ya kwanza nikamwambia dereva apige king'ora. Gari halipiti vichochoroni kwetu, likasimama karibu na Ngome ya Yesu, kati ya wauza vinyago ambao walimzunguka mlinzi wangu wakidhani ni mgeni wa Kimarekani. Nilivua viatu vya kisigino nikavishika mkononi. Watu wa mtaani walituona tukipita, mimi pekupeku, mlinzi nyuma yangu, bibi akimbeba mjukuu, na sina shaka kwamba kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Likoni kwamba nimefutwa kazi.

Sikunywa kahawa. Sikumsalimu mtu. Niliingia chumbani, nikavuta pazia lote, nikamchukua mtoto. Binti alipiga ukelele mdogo kwa ajili ya mwanga. Nilimbonyeza mtoto kwenye paji, kifuani, tumboni, magotini. Kwenye nyayo nilibonyeza mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini. Alikuwa manjano hadi nyayo. Nilipompigapiga kisigino alifungua jicho moja, akalia, na sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka.

Hakuna aliyebishana nami juu ya hospitali. Bibi alinitazama usoni, akamtazama yule mjukuu wake wa kiume aliyekaa mlangoni akicheza na viatu vyangu, akaelewa mambo mawili kwa pamoja. Alitafuta shali.

Walimlaza chini ya taa siku hiyo hiyo, amefungwa kitambaa machoni. Ikasemekana huenda ikabidi abadilishwe damu, kisha ikaonekana haitabidi. Nilikaa kwenye benchi la nje na yule bibi. Wauguzi walinijia kuniuliza kama mheshimiwa anahitaji chochote. Bibi alisema, "Yule wa kwanza pia angelazwa hapa tu?" Nikasema ndiyo. "Siku ngapi?" Nikasema chache. Alijifunika uso kwa buibui, nami nikamshika goti lake, na nililia pia. Mlinzi alitazama ukuta.

Msichana alipona. Wakampima masikio baadaye, anasikia. Mkononi mwangu alikuwa mzito kuliko nilivyodhani siku ile nilipomrudisha kwao.

Lililobaki lilikuwa wazi, na silo nililolitaka. Nililotaka ni kuacha uwaziri, kung'oa lile tangazo mlangoni, na kuanza tena baada ya alasiri kama zamani. Nilipomweleza mume wangu aliniuliza, "Na ukifa?" Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli. Tatizo halikuwa kwamba watu wale hawana daktari. Walikuwa naye, alikuwa mimi, na maadamu nilikuwa daktari wao wasingemtaka mwingine.

Katika kliniki moja kule Ganjoni kuna daktari kijana, msichana wa Kigiriama, Mkristo, mwenye mikono mizuri na sauti ya chini. Nilimwomba anipe alasiri zake. Tulianza kwenda naye nyumba kwa nyumba, zile nyumba zangu zote. Nilimwambia kila bibi, mbele yake, kwamba mimi si daktari wao tena, kwamba wasinionee haya wala wasiningoje, na kwamba huyu ndiye wa kuitwa. Mwenzangu wa afya alinipigia simu kwa mzaha kuniuliza kama nimepotea njia ya wizara yangu. Nilijifukuza kazi nyumba baada ya nyumba. Kila mahali walinipa kahawa, na kila mahali walisema inshallah, na sasa nilikuwa nazisikiliza vizuri.

Nyumba moja karibu na pwani tulikuta kuna mtoto wa siku chache ndani. Nilieleza yote, polepole, hadi mwisho. Bibi wa pale, ambaye niliwazalisha mabinti zake wawili, alinisikiliza akiitikia kwa kichwa kila neno.

"Tumekufahamu, mwanangu," akasema. "Haya basi, ingia umtazame."

"Siingii, bibi. Ataingia huyu."

Alimtazama yule daktari kijana toka kichwani hadi viatuni, kisha akanigeukia. "Tumekukosea nini?"

Nilikaa kwenye baraza, nje, kama mgeni wa kiume. Alingoja ninyanyuke. Nilipokataa kunyanyuka alifungua mlango, akamwashiria msichana avue viatu, wakaingia.

Nilisikia kahawa ikimiminwa. Nilisikia salamu, fupi mno, nikataka kumwambia arefushe. Nilimsikia akisema hebu nimwone kwa mwanga, na pete za pazia zikikwaruza. Halafu sauti ya bibi, kali, "Si hivyo, mama. Yule wetu humshika hivi," na baada ya muda sauti ile ile imeshuka, "Hee. Hivyo ndivyo."

Niliona wivu, na sioni haja ya kuuficha. Katika miaka yote ya serikali hakuna kitu nilichokitaka kama kuingia katika chumba kile. Nilikaa pale pale nje mpaka akatoka.